Kulabu za Mjomba Cheche

Tarehe 12 Januari

Mjomba Cheche,

Shikamoo! Mimi mzima wa afya. Chumba changu ni kilekile, juu ya kiwanda cha sabuni, na nguo zangu zinanukia ndimu hata kabla sijazifua. Kazini wote wazima, isipokuwa mpishi wa kantini aliyevunjika kidole cha mguu kwa kulipiga teke jokofu. Nisalimie Mama. Mwambie nakula, tena nashiba.

Nimeamua kukuandikia barua kwa sababu kukupigia simu ni kazi bure. Tangu mashine ya kusagia vyuma ikuharibie masikio, mimi nikisema "Mjomba, nina shida," wewe unajibu "Asante, na wewe pia." Mara ya mwisho nilikuuliza habari za mguu wako, ukaniambia umeshauuza. Bora karatasi.

Haya, shida yenyewe. Unaikumbuka ile siku naondoka, pale kituo cha basi? Mama aliung'ang'ania mkoba wangu, akakugeukia wewe kaka yake, akasema: "Anataka kufanya kazi chini ya maji, sawa. Lakini kila chuma kitakachokaa mwilini mwake kitoke mkononi mwako. Siku chuma kikimkosea, anarudi nyumbani, na mjadala hakuna." Wewe ukaitikia, mimi nikaitikia, hata dereva wa basi akaitikia ili tuondoke.

Mpaka sasa nilikuwa navaa vifaa vya kuazima vya kazini, kwa hiyo neno la Mama lilikuwa limelala. Sasa limeamka. Bosi wetu, tunayemwita Papa kwa sababu ya meno yake na tabia ya kumzunguka mtu kabla ya kumng'ata, anataka kunipa ukuu wa zamu. Mimi, Mjomba! Niongoze wapiga mbizi wanaokagua matumbo ya meli, panga boi zinazoisukuma, minyororo na kila kitu kilichojificha huko chini. Lakini mkuu wa zamu lazima awe na vifaa vyake mwenyewe, na katikati ya mwezi wa sita Papa atavikagua kimoja kimoja kwa mikono yake.

Basi naomba unitengenezee kulabu sita za kufungia taa, vipimo na kamba, pete mbili za mabegani, na bizimu moja ya mkanda wenye vipande vya risasi, yale madini mazito, unaonivuta chini. Michoro ipo nyuma ya karatasi hii. Kulabu iwe na kitufe ninachoweza kukivuta kwa dole gumba nikiwa nimevaa glavu nene, maana huko chini mara nyingi sioni hata mkono wangu, nafanya kazi kwa kupapasa.

Na tafadhali sana, usiende dukani ukasema "stenlesi" basi. Hivyo vyuma visivyoshika kutu vina namba. Mia tatu na nne ni ya masufuria na masinki. Mia tatu kumi na sita ndiyo ya baharini, imetiwa madini ya ziada ya kupambana na chumvi. Sitaki kuvaa sinki.

Halafu lini utakuja kunitembelea? Umeniahidi tangu nilipohamia huku.

Mpwa wako,
Bata


Tarehe 3 Februari

Bata wangu,

Marahaba, marahaba sana. Sisi huku wazima. Mama yako amepaka ukuta wa sebule rangi ya kijani, halafu akaichukia, sasa anaulaumu ukuta. Kuku wangu mweusi anaatamia ndani ya kofia yangu ya kuchomelea, kwa hiyo nachomelea nimefumba jicho moja. Natania. Nimenunua kofia nyingine.

Kuhusu masikio yangu, ulivyosema umesema. Lakini mguu sijauuza, ilikuwa mashine ya mguu, ile ya kukunjia mabati. Ungeuliza vizuri.

Nimesoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, mama yako akasikia ile habari ya ukuu wa zamu. Aliinuka, akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nadhani amefurahi. Au ana hofu. Kwake vitu hivyo viwili hukaa kiti kimoja.

Namba nimeziona, mwanangu, lakini mimi nimeanza kazi hii kabla hujaota jino. Muuza vyuma alipoanza kunisomea somo la namba nikamwambia subiri. Nikatoa sumaku yangu mfukoni. Chuma cha kawaida kinaruka kuja kwenye sumaku. Stenlesi ya kweli inaidharau. Niliipitisha sumaku kwenye fimbo ile toka mwanzo hadi mwisho, haikushika popote. Nikamwambia kata hapa.

Kulabu zimetoka, we acha tu! Nimezichonga, nimezitia springi, nimezisugua mpaka zinang'aa. Fundi mwenzangu wa jirani aliniomba moja aning'inizie funguo za pikipiki, nikamwambia hii ni ya chini ya bahari, wewe funguo zako fungia kamba. Mama yako ndiye aliyefunga kifurushi. Maandishi makubwa ya juu yake ni yake, mimi simo.

Kuja nitakuja. Ila nina geti la shule la kumalizia, geti kubwa, lina mapambo.

Mjomba wako


Tarehe 20 Machi

Mjomba Cheche,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na kazi juu ya kazi. Huku salama. Mpishi amerudi, anachechemea, na jokofu bado lina alama. Kifurushi kilifika na yale maandishi ya Mama, VAA KITU CHA JOTO. Mchukuzi wa mizigo alinisomea hadharani, watu wote wa kituoni wakanitazama kama nipo uchi.

Kulabu ni nzuri mno! Nilipozitandaza mezani kazini kila mtu alitaka kuzishika. Dole gumba linaingia sawasawa kwenye kitufe, kana kwamba ulinipima. Papa mwenyewe alizizunguka mara tatu, akaguna, na kwake kuguna ni hotuba.

Ila, Mjomba, usikasirike. Baada ya wiki chache kidogo zimeanza kutoa madoa. Rangi ya chungwa, kama chai iliyomwagika. Nazisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila jioni nikitoka kazini, nazikausha, na kesho yake madoa yapo. Kulabu moja iligoma kidogo siku moja, kitufe kilikuwa kizito. Si kitu kikubwa. Labda uangalie tena ile fimbo ilikuwa namba gani?

Halafu, kama una nafasi, naomba unitengenezee ala ya kisu ya kuvaa mguuni, yenye bizimu. Ile niliyonayo imelegea.

Mama asijue habari ya madoa. Nakuomba sana.

Geti la shule limeisha? Njoo basi.

Bata


Tarehe 1 Aprili

Bata,

Marahaba. Huku wazima. Kuku ametotoa, vifaranga wamejaa karakana nzima, siwezi kurudi nyuma hatua moja bila kutazama. Geti la shule limeisha. Sasa ni jino, linanisumbua, siwezi kusafiri na jino.

Tuache maneno ya pembeni. Mimi masikio yameisha lakini kichwa kipo. Miaka yote hii hujawahi kuniomba ala ya kisu. Mtu haombi ala mpya ya kisu, ya mguuni, ila amekihitaji kisu haraka. Na katika barua hiyohiyo unaniambia kulabu "iligoma kidogo". Ulikata nini, Bata? Niambie. Nimeshindwa kula kwa ajili ya hilo, wala si kwa jino.

Kwa muuza vyuma nimerudi. Nilikwenda nimevimba, niko tayari kugombana mbele za watu. Akanisikiliza, akatoa vipande viwili, kimoja cha masinki na kimoja cha baharini, akaniambia, "Haya fundi, toa sumaku yako." Nikapima hiki, haishiki. Nikapima kile, haishiki. Zote mbili zinaidharau sumaku, mwanangu! Hutazitofautisha kwa sumaku hata ukikaa hapo mpaka jioni. Na siku ile alitaka kuniambia, mimi nikamkatisha. Kwa hiyo ulivaa sinki kweli. Nilitamani ardhi inimeze pale dukani.

Safari hii nimechukua fimbo yenye namba imepigwa mhuri kwenye ncha, mia tatu kumi na sita, nimeisoma kwa miwani na bila miwani. Springi pia za namba hiyohiyo. Nimechonga kulabu zote upya, na pete na bizimu, nimezisugua mara mbili zaidi ya zile za kwanza, utajitazama uso. Ala ya kisu imo. Za zamani zitupe.

Mama yako sijamwambia. Sipendi kumficha, lakini sijamwambia. Wewe nijibu nilichokuuliza.

Mjomba


Tarehe 29 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole kwa jino. Sisi salama. Kiwanda cha chini kimebadilisha harufu, sasa ni waridi, na mimi nanukia kama bibi harusi nikiwa nimebeba mtungi wa hewa mgongoni.

Umeuliza, nakujibu, halafu tusilirudie. Nilikuwa chini ya meli, maji machafu, nimejifunga kwa kulabu kwenye kamba ya kuniongoza. Wakati wa kutoka kitufe hakikuvutika. Kutu ilikuwa imeingia ndani, kimeganda. Nikakata kamba, nikapanda, nikanywa chai. Hewa ilikuwa tele na mwenzangu alikuwa pembeni. Niliogopa, ndiyo. Lakini kesho yake nikashuka tena, kwa sababu naipenda kazi hii, Mjomba. Chini ya meli kuna ukimya ambao juu haupo. Siwezi kurudi nyumbani kukaa nyuma ya dirisha la ofisi nikigonga mihuri. Nitakauka.

Sasa nakuomba usome hapa polepole. Kulabu mpya nazo zimeanza. Si sana, lakini zimeanza. Namba nimeiona, mhuri upo, chuma ni chenyewe, hukudanganywa. Nimekaa nazo juu ya kitanda nikazitazama kwa kioo cha kukuzia. Madoa hayakukaa ovyo. Yamepangwa mistari, mistari, yote inaelekea upande mmoja. Na ndani ya tundu la pete, pale ambapo mkono wa mtu haufiki, hakuna hata doa moja. Kunang'aa kama siku ya kwanza.

Mjomba, unasugulia nini?

Sikulaumu. Nauliza tu. Ukaguzi ni katikati ya Juni, na nikishindwa nitarudishiwa vifaa vya kuazima, na Mama atauliza kwa nini, na wewe unajua jibu likimfikia nini kitafuata.

Bata wako


Tarehe 24 Mei

Mjomba,

Shikamoo tena, kama shikamoo ya kwanza ilipotea njiani.

Mwezi unakwisha, barua hakuna, kifurushi hakuna. Nimempigia Mama, anasema upo, unakula, umezima redio. Nikamuuliza umenuna? Akasema, "Muulize mwenyewe." Nikasema hasikii. Akakata simu.

Kama nimekukosea, nisamehe. Sikusema hujui kazi. Nani asiyejua kwamba unajua kazi? Hata mlango wa chumba changu huku unalia ukifunguliwa, na kila siku najiambia huu haukupita mkononi mwa mjomba wangu.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata matusi.

Bata


Tarehe 2 Juni

Mpwa wangu, kipenzi changu, Bata,

Marahaba zote mbili. Tupo wazima. Vifaranga wamekuwa majogoo, wote, hakuna tetea hata mmoja, asubuhi ni fujo ambayo hata mimi naisikia. Jino lilishatoka.

Kununa nilinuna, nisiseme uongo. Siku tatu nne hivi. "Unasugulia nini!" Nilimwonyesha kuku barua yako. Kisha nikaacha kununa na kuanza kufikiri, na huko ndiko mwezi ulikoishia.

Mimi nasugulia brashi ya nyaya, Bata. Ile yenye mpini wa mbao, iliyoning'inia kwenye msumari wangu tangu hujazaliwa. Mageti yote ya mji huu yamepita kwenye brashi ile. Kutu ya kila ukuta, kila dirisha, kila tangi, imekaa mle kwenye nyaya. Na kila nilipokupenda zaidi nilisugua zaidi. Ndiyo maana zile za pili nilizisugua mara mbili.

Sikutaka kuamini. Nikachukua kipande cha ile stenlesi ya baharini, nusu nikakisugua kwa brashi yangu, nusu kwa msasa mpya kabisa uliokuwa bado kwenye karatasi yake. Nikajaza beseni maji, nikatia chumvi ya jikoni mpaka ikakataa kuyeyuka, nikakitumbukiza. Kila asubuhi nachungulia. Upande wa msasa, kimya. Upande wa brashi, mistari ya rangi ya chungwa, kama ulivyoandika wewe. Nilikaa kwenye kigoda nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kisha nikacheka tena. Kutu niliyoiondoa kwenye mageti ya watu nimekuwa nakutumia wewe kwa basi!

Nikamwendea yule muuza vyuma, safari hii nimenywea. Akanieleza, na nikamwacha amalize. Stenlesi ina ngozi nyembamba isiyoonekana. Ukiikwaruza, inajiponya yenyewe, mradi ipate hewa. Lakini ukiipaka punje za chuma cha kawaida, chumvi inaanza na zile punje, na kutu yake inachimba kwenda chini. Dawa yake ni kuzitoa zile punje: unachemsha kulabu ndani ya maji yenye ule unga mchachu wa limau wa kusafishia birika, unasuuza, unaacha zikauke zenyewe. Na brashi iwe ya stenlesi, ya kazi hiyo tu, na meza yake peke yake, na glavu zake.

Seti mpya kabisa nimeshaichonga, meza mpya, msasa mpya. Sasa, sufuria. Sufuria kubwa isiyoshika kutu ipo moja tu katika ukoo huu, na ni ya mama yako. Nilijaribu kuichukua kimyakimya. Akanikuta mlangoni nayo imefichwa ndani ya koti. Hebu fikiria, mtu mzima nimevimba tumbo la sufuria. Akaniuliza naipeleka wapi. Bata, nimeshindwa kumdanganya. Nimemwambia yote. Madoa, brashi, kamba, kisu.

Alikaa chini. Halafu akasema, "Leta hizo kulabu hapa." Amezichemsha mwenyewe, jikoni kwake, amesimama juu yake na kijiko cha mbao, hakuniruhusu kugusa. Akazisuuza, akazipanga juu ya taulo, akazifunika kwa chujio zisiingie vumbi. Zimekaa kwenye beseni la chumvi siku nyingi. Hakuna doa.

Safari hii sizitumi. Nakuja nazo. Mama yako ameshakata tiketi, basi linaingia kwenu tarehe 13 mchana. Hayo mengine tutaongea.

Mjomba


Tarehe 7 Juni

Mjomba Cheche,

Shikamoo! Unakuja! Nimefagia chini ya kitanda, jambo lisilo la kawaida. Utalala kitandani, mimi nitalala chini, na tusibishane.

Ukishuka basini usimuulize mtu njia, hutasikia jibu. Simama palepale, nitakuja mwenyewe, nimevaa koti la njano.

Nimecheka habari ya sufuria mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini kuna kitu kinanikereketa. Nilimpigia Mama jana, akasema, "Mjomba wako atakueleza," akaniaga. Hakuniuliza kama nimekula. Hakuniambia nivae kitu cha joto. Mjomba, Mama amesema nini baada ya kusikia yote? Umeniandikia kurasa mbili na hapo tu umeparuka. "Hayo mengine tutaongea" si lugha yako.

Nakungoja kwa furaha, na kwa wasiwasi.

Bata


Tarehe 15 Juni, hapa gatini

Bata,

Salamu leo siandiki, tumeamkiana asubuhi, na umenichekesha na kahawa yako ya matope. Naandika nikiwa nimekaa juu ya kreti, mgongo kwenye nguzo, na wewe uko chini. Watu hapa wananisemesha, naona midomo inacheza, kwa makelele haya ya mashine sisikii kitu. Bora karatasi, ulisema mwenyewe. Nitaiacha chini ya kikombe chako.

Usiku wa kuamkia jana uliniuliza Mama amesema nini, nikajifanya sikusikia. Nilisikia, ulinisemea sikioni kabisa. Mama yako hakukata tiketi moja, alikata tatu. Moja ya kunileta. Mbili za kurudi. Ziko mfukoni mwa shati langu hapa, zimelowa jasho. Aliniambia, "Wewe ndiye uliyeitikia pale kituoni. Nenda ukamwone kwa macho yako anavyoshuka na anavyotoka. Ukiona doa hata moja, au moyo wako ukikataa, rudi naye. Hata kama analia." Nikaitikia tena. Mimi na kuitikia!

Na nikwambie jambo lingine. Geti la shule lilikuwa la kweli, jino lilikuwa la kweli, lakini si hayo yaliyonizuia kuja. Niliogopa kukuona unazama mimi nimesimama juu nikiwa na mikono mitupu. Kuchonga kulabu huko mbali ni rahisi kuliko kukaa kwenye kreti hili.

Asubuhi Papa wenu amezikagua kulabu. Kumbe tangu nifike alikuwa amezitia kwenye pipa la maji ya bahari bila kuniambia. Akazitoa, akazifuta kwa kitambaa cheupe, akakitazama kitambaa. Kikabaki cheupe. Akavaa glavu nene, akafungua, akafunga, akafungua, akafunga. Akaniuliza kwa kuandika kwenye kiganja chake kama natengeneza na za watu wengine. Nikamwambia mchemshaji ni dada yangu, aombe kwake kwanza. Akacheka, na kweli, meno yale ni mengi.

Kisha ukaja, umevaa kila kitu, mtungi, mkanda, mapezi, unatembea kama jina lako. Ukaigonga bizimu kwa ngumi mara mbili, ukaniangalia, ukaruka. Mapovu yakatokea, yakasogea mpaka ubavuni mwa meli, yakaingia chini yake, yakapotea. Maji yakatulia kabisa. Nilishika mfuko wa shati wenye zile tiketi. Nilikuwa nimeshaamua, nisikufiche. Nilisema akitoka tu, leo hiihii tunapanda basi.

Papa akaniona. Yule kijana wenu anayekushikia kamba ukiwa chini alikuwa amesimama pembeni, kamba inashuka kutoka mkononi mwake mpaka kwenye kulabu ya begani kwako, ile niliyoichonga mimi. Papa akaichukua ncha iliyobaki nyuma yake, akaniviringishia mkono wa kushoto, na kijana akalegeza mkono wake ili mvuto unifikie. Nikakaa na kamba.

Kisha ukavuta. Mara moja, taratibu. Yule kijana akageuka, akaninyooshea dole gumba, akaniigizia kuvuta: yuko salama, na wewe mjibu. Nikavuta mara moja. Ukavuta tena.

Mwanangu, miaka yote hii kwenye simu nasikia mluzi na upepo, nakujibu vitu vya ajabu, unacheka, nami nacheka ili usijue kwamba sijaambulia hata neno. Leo nimekusikia. Kwa mkono, lakini nimekusikia vizuri kabisa, uko wapi na uko vipi. Nimelia hapa mbele ya mabaharia, na sijali.

Umevuta tena sasa hivi nikiandika. Nimekujibu. Naona mapovu yanarudi, yanakuja huku gatini.

Umetoka! Umeivuta kulabu kwa dole gumba mara moja tu, ikaachia. Unacheka. Kwa hiyo namaliza haraka. Ya kwangu ya kurudi naiacha ilivyo, kuna majogoo wa kulisha. Ile nyingine naenda nayo ofisi ya basi kabla hawajafunga, waigeuze jina na waigeuze safari. Mama yako atakuja kwayo Jumamosi. Nitamwandalia maneno, wewe usiseme kitu, mwonyeshe tu kile kitambaa cheupe. Na ukishuka, mpe kamba ashike.

Mjomba wako